BedZED: Ukuta Ulioushinda Mtambo

Mtaa wa BedZED, ulioko Sutton kusini mwa London, ulikamilika mwaka 2002 ukiwa na nyumba 82 na ahadi kubwa: joto na umeme wa wakazi wake visitokane na makaa, mafuta wala gesi ya ardhini. Ahadi hiyo ilitegemea mtambo mmoja uliokula vipande vya matawi yaliyokatwa kwenye miti ya jiji. Kufikia mwaka 2005 mtambo ulikuwa umezimika, na maji ya moto yakaanza kutoka kwenye boila za gesi.

Wengi wanaousimulia mradi huu huishia hapo, wakatikisa kichwa. Kwangu mimi hapo ndipo uchambuzi unapoanza. Mwaka 2007 shirika la Bioregional lilisoma mita za nyumba hizo na kukuta kwamba wakazi wanatumia umeme pungufu kwa asilimia 45 kuliko wastani wa Sutton, na joto la kupasha nyumba na maji pungufu kwa asilimia 81. Bioregional ni miongoni mwa waasisi wa mradi na ofisi zake zimo humo humo mtaani, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuzipokea takwimu zake kwa tahadhari. Hata hivyo, hata ukizipunguza, pengo linabaki kubwa mno kupuuzwa. Mtambo umekufa na matumizi yako chini. Basi kilichoyashusha ni nini?

Kwanza, ukuta. Msanifu majengo Bill Dunster na wahandisi wa Arup waliifunika kila safu ya nyumba kwa pamba ya mawe yenye unene wa milimita 300, wakaweka madirisha ya vioo vitatu, na wakaziba kila upenyo wa hewa walioweza kuuona. Ndani waliiacha zege na matofali mazito wazi, yanywe joto la mchana na kulirudisha usiku. Nyumba za kuishi zilielekezwa kusini, zikiwa na vyumba vya vioo vya kupokea jua la majira ya baridi. Ofisi zikawekwa upande wa kaskazini, kwa kuwa watu na kompyuta zao hutoa joto la kutosha. Juu ya paa wakaweka kofia za rangi zinazojigeuza kuufuata upepo: zinaingiza hewa safi na kutoa iliyochoka, na njiani hewa inayotoka inaipasha ile inayoingia, bila feni hata moja. Nyumba nzima inafanya kazi ya chupa ya chai. Joto la miili, jiko na taa linatosha kwa siku nyingi, na ndiyo maana vyumbani hakuna vipasha joto vya kawaida.

Ukuta hauhitaji fundi. Hauharibiki kiwanda kilichoutengeneza kikifungwa, wala haumngoji mkazi akumbuke kubonyeza kitufe. Ila una gharama yake: vyumba vile vya vioo vikawa tanuri wakati wa kiangazi, na wakazi wengi walilalamika. Hapo nawageukia wasanifu wetu wa Dar es Salaam na Mombasa. Tunaweka vioo vya namna hiyo kwenye maghorofa yanayotazama jua la magharibi, mahali pasipo na baridi hata siku moja, kisha tunaning'iniza kiyoyozi kila dirisha ili kuliondoa joto tulilolikaribisha wenyewe. Somo la BedZED kwa pwani yetu ni kivuli, baraza pana na dari linalopumua, maana kanuni ni ileile ya kuliacha jengo lifanye kazi kabla ya mashine, ingawa hali ya hewa inaigeuza.

Sasa turudi kwenye mtambo, kwa sababu namna ulivyokufa inafundisha kuliko namna ulivyotangazwa. Ulivigeuza vipande vya mti kuwa gesi, kisha gesi hiyo ikaendesha injini ya kuzalisha umeme, na joto la injini likapasha maji ya mtaa mzima. Gesi ya kuni hubeba lami, na lami huganda pale mabomba yanapopoa. Mtambo ulisanifiwa kwenda mfululizo, usiku na mchana, lakini masharti ya kibali kuhusu kelele yakataka uzimwe usiku. Kila ulipozimwa ukapoa, na kila ulipopoa lami ikaganda. Ongeza vifaa vya kulisha kuni na kuondoa majivu ambavyo havikutegemeka, na mtengenezaji aliyeacha biashara. Teknolojia yenyewe ilikuwa changa, lakini nadhani kosa la msingi lilikuwa la ukubwa. Nyumba 82 hazitoshi kumlipa mhandisi wa kukaa na mtambo wa aina hiyo kila siku. Mtambo huohuo ukihudumia nyumba elfu mbili ungekuwa na watu wake, stoo yake ya vipuri na mtu wa kubishana na halmashauri juu ya saa za kelele.

Majitaka yalipita njia hiyohiyo. Yalisafishwa ndani ya banda la vioo, katika matangi yaliyooteshwa mimea, kisha yakarudishwa vyooni kwa kuvuta maji. Wageni walilipenda. Lakini pampu na vipuliza hewa vyake vilikula umeme, mtu wa kuuangalia mfumo alihitaji mshahara, na mwishowe ukasimamishwa kwa gharama. Huku kwetu, watu waliolazimika kuondoka Kurasini kupisha upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam walinunua kwa pamoja ekari 30 huko Chamazi, kupitia Shirikisho la Maskini wa Mijini na kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives. Majitaka ya nyumba zao yalipangiwa ardhi oevu ya kutengenezwa, yaani bwawa la changarawe na matete, njia ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameishughulikia kwa miaka mingi. Maji hushuka kwa mteremko, na matete na vijidudu hufanya kazi iliyobaki. Mfumo huo unataka ardhi zaidi, na unataka mtu wa kuyafyeka matete na kuondoa tope. Lakini kazi hiyo kijana wa mtaani anaifundishwa na kuimudu. Sisemi kwamba London ingefaa kuiga Chamazi, kwani ardhi ya kule ni ghali mno. Nasema kila mfumo una mtu anayeuhudumia, na mtu huyo lazima aandikwe kwenye mchoro pamoja na mabomba.

Jibu la pili kuhusu matumizi madogo ni makubaliano ya wakazi, na hapa ndipo nyumba za pamoja zinapoishinda nyumba ya peke yake. BedZED waliziweka mita jikoni, nyuma ya kioo, mahali ambapo kila anayechemsha chai anaziona. Maegesho yalikuwa machache kuliko nyumba na ya kulipia, na mtaa ukawa na klabu ya magari, miongoni mwa za mwanzo London: gari linakodishwa kwa saa na kurudishwa. Wakazi waliendesha umbali pungufu kwa asilimia 64 kuliko wastani. Maji ya bomba yalifikia lita 72 kwa mtu kwa siku. Kuna takwimu nyingine ninayoithamini kuliko hizo: mkazi wa kawaida wa BedZED alijua kwa majina majirani 20, wakati jirani zao wa Hackbridge, eneo linaloizunguka BedZED, walijua wanane. Hao 20 ndio wa kuwaazima ngazi, kuwapa lifti na kuwauliza kwa nini taa za ngazini zinawaka mchana.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Huko Bramley, Leeds, mradi wa LILAC ulipokea wakazi mwaka 2013 katika nyumba 20 zenye kuta za marobota ya majani makavu yaliyobanwa ndani ya fremu za mbao. Baadhi ya wakazi walishiriki kuyajaza kwa mikono yao. Kilichonivutia zaidi ni mkataba wao. Hakuna anayemiliki nyumba yake peke yake. Chama cha ushirika ndicho mmiliki, na kila kaya hulipa takribani asilimia 35 ya kipato chake baada ya kodi. Nyumba ya pamoja ina jiko kubwa na mashine za kufulia, kwa hiyo si lazima kila kaya inunue yake. Maegesho ni 10 kwa nyumba 20, na wakazi waliyakubali kabla ya kuhamia. Kanuni iliyokubaliwa mapema haina ugomvi wa kanuni iliyotungwa baada ya kila mtu kuleta gari lake.

Hata hivyo mtaa mmoja una mpaka. Bioregional walipopima maisha yote ya mkazi wa BedZED, pamoja na chakula, safari za ndege, shule na hospitali, walikuta kwamba dunia nzima ikiishi kama yeye tungehitaji sayari 2.6, na mkazi aliyejitahidi hasa alifika 1.7. Mwingereza wa kawaida alihesabiwa takribani sayari tatu. Kuta nene, majirani 20 na klabu ya magari vimeiondoa sehemu ndogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha iko nje ya lango.

Hapo ndipo serikali za mitaa zinapoingia. Kiwanja cha BedZED kilikuwa mali ya Halmashauri ya Sutton, na halmashauri hiyo ilikiuza kwa shirika la nyumba la Peabody bila kufuata bei ya juu kabisa iliyoletwa mezani. Faida ya mazingira ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Halmashauri zetu hugawa viwanja kila mwaka, na sharti la kawaida ni fedha na tarehe ya kuanza ujenzi. Zingeweza kuongeza mengine: upana wa kivuli, mahali pa kusafishia majitaka, idadi ya maegesho, na jina la atakayeuhudumia kila mfumo kwa miaka kumi ya kwanza, pamoja na hesabu ya atakayemlipa.