Picha za Kirlian si Picha za Roho

Wako ndugu zetu wanaodai kuwa roho imepigwa picha. Wanazitegemea picha za Semyon Kirlian, fundi umeme wa Krasnodar, Urusi, aliyezianza mwaka 1939: mwanga uliozunguka kidole au jani. Kwetu hoja hii ni dhaifu. Kitu huwekwa juu ya filamu kwenye bamba la chuma, hupitishwa umeme wa volti nyingi, na hewa iliyokizunguka huwaka. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1976 kuwa unyevu, mfano jasho, ndio hasa hubadilisha picha. Hata sarafu hutoa mwanga huo; nayo ina roho? Suratul-Israa, aya ya 85, imelirudisha jambo la roho kwa Mola. Kijana aliyefundishwa picha hizi mimbarini, akiijua kesho habari ya sarafu, ataishuku na aya.