Fundi wa Uwanja wa Siku Moja

Mwezi Julai 2019, kwa saa 72 mfululizo, Nintendo walivirudisha viwanja walivyokuwa wamevijenga kwa ajili ya sherehe za gemu ya Splatoon 2, kimoja baada ya kingine. Ilikuwa sherehe ya kuagana. Mada yake ilikuwa Vurugu dhidi ya Utaratibu, wachezaji wa dunia nzima wakagawanyika pande mbili, na Vurugu wakashinda. Wengi wanaukumbuka ushindi. Mimi navikumbuka viwanja. Kwa miaka miwili, kila sherehe ilikuwa imeletewa uwanja wake mpya chini ya jina lile lile la Shifty Station, na kila mara mpangilio ulikuwa mwingine: palipokuwa na ukuta pana shimo, palipokuwa na njia pana reli. Ulijengwa, ukachezwa kwa kawaida saa 24, ukafungwa. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, na nitaisifu kwa uchungu, maana siku hizi siioni.

Niliijulia Yeoville, hapa Johannesburg. Ukiteremka Rockey Street utasikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu kikipishana na Kilingala, Kifaransa na Kizulu kabla hujaufikia mlango wa soko. Mimi ni mtu wa Pwani, na lugha hiyo, hata ikiwa na lafudhi isiyo yangu, ilinifanya nizoee kukaa kwa jirani yangu Mkongo jioni za Jumamosi. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa wao alikuwa amejinunulia mashine ya Switch iliyokwisha tumika, kwa akiba yake mwenyewe, na sherehe ya kwanza ilipofika, Agosti 2017, sisi wa upande wa Ulaya tuliulizwa tuchague: Rock au Pop. Baba yao alihamaki kwelikweli. Rumba wameiweka wapi? Watoto wakamtuliza, wakachagua Pop, kisha yule mdogo akanivuta mkono: “Tonton, njoo uone, leo uwanja ni mpya.”

Nimesema “sisi wa upande wa Ulaya” kwa makusudi. Nintendo waliigawa dunia mafungu, na Afrika Kusini ikatiwa katika fungu la Ulaya. Katika gemu hii mashine za wachezaji huungana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kijana wa Yeoville alikuwa akipambana na wenzake wa Madrid na Manchester kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Pwani yetu inazijua nyaya hizo. Ule wa SEACOM, ulioanza kazi mwaka 2009, hupita Afrika Kusini, Maputo, Dar es Salaam na Mombasa. Habari kwenda London na kurudi Johannesburg huchukua zaidi ya milisekunde 150, na kwa anayecheza gemu hii ya kufyatua wino muda huo ni mrefu mno. Unajificha nyuma ya ukuta, moyo unatulia, halafu unakufa huko huko nyuma ya ukuta, kwa sababu kwenye kioo cha mwenzako ulikuwa hujajificha bado.

Katika viwanja vya kawaida watoto wale walipigwa sana. Mpinzani alikuwa na mtandao mwepesi na tena alikuwa anaijua kila kona, kila dirisha la kuchungulia, kila ukingo wa kurukia. Lakini siku ya uwanja mpya hakuna aliyekuwa anajua kitu. Yule wa Manchester aliingia akiwa mgeni, na wa Yeoville akaingia akiwa mgeni, na wote wawili wakawa na dakika tatu za kujifunza sakafu ambayo jana haikuwapo. Niliwaona watoto wale wakishinda siku hizo. Hawakupewa upendeleo wowote. Fundi alikuwa ametandika chini upya, na kila mmoja akaanzia sifuri. Nimewasikia watu wenye elimu wakizungumza sana juu ya haki katika michezo, na mara chache nimesikia wakiitaja sakafu.

Uwanja nilioupenda kuliko yote uliitwa Furler in the Ashes. Majina ya viwanja hivi kwa Kiingereza yalichezea majina ya vitabu, vingi vyao vya watoto na vijana. Kulikuwa na Zappy Longshocking, kulikuwa na Railway Chillin', na anayewajua Pippi na wale watoto wa reli atatabasamu. Huu wa kwangu ulikuwa na madaraja yaliyoviringishwa. Daraja limekaa pale limejikunja, na wewe uko upande huu, na ng'ambo kuna ardhi nyeupe isiyo na wino wa mtu. Ukilipiga wino linajikunjua kuelekea mbele. Ukiacha, baada ya muda linarudi kujiviringisha, na kama umesimama juu yake hiyo ni habari yako.

Kwa mtu asiyeangalia, hicho ni kichekesho cha mitambo. Kwa aliyekaa akaangalia, ni hesabu nzito. Katika mchezo huu mtu hushinda au hushindwa kwa ukubwa wa eneo alilopaka rangi, na wino wako una kikomo. Kila tone unalolipa daraja likunjuke ni tone uliloinyima sakafu. Basi je, ufungue njia uwatangulie, au ubaki nyumbani upake kwako na uwaache wao wahangaike? Nani alifungue, nani avuke, nani abaki akilitunza lisijikunje? Kijana mkubwa wa jirani yangu, ambaye kwa kawaida hakuwa na subira ya kumngoja mtu, nilimwona amesimama mwanzo wa daraja akilipiga wino mfululizo ili watu watatu asiowajua, wa nchi asizowahi kufika, wapite. Hawakuwa na namna ya kuzungumza, lakini walivuka. Kisha mmoja wao akasimama upande wa pili akamngojea. Aliyechora uwanja ule alikuwa amelifikiria tendo hilo kabla ya yeyote kati yao kulitenda, akaliweka ndani ya kipande cha daraja, na hakuandika neno hata moja la maelekezo.

Kijana huyo leo ni mtu mzima na anachora viwanja mwenyewe. Nimekaa pembeni yake mara nyingi Braamfontein akifanya kazi. Huanza na karatasi ya miraba na penseli. Kisha anajenga kwenye kompyuta masanduku ya kijivu matupu, bila rangi wala mapambo, na anatembea ndani yake na saa mkononi: kutoka kwetu hadi katikati sekunde ngapi, kutoka kwao sekunde ngapi. Anatafuta mahali ambapo mtu mmoja anaweza kusimama juu na kuwazuia wanne, na akipapata anapabomoa. Anazungusha nusu moja ya uwanja ili ilingane na nyingine, kisha anaanza upya kwa sababu ulinganifu umekuwa mkavu, haumpi mtu hamu. Siku moja nilimuuliza uwanja wa siku moja unatofautianaje na mwingine. Akanijibu kwamba uwanja wa kudumu ukikosea unaurekebisha mwezi ujao. Wa siku moja ukikosea, umekosea. Halafu akaongeza kitu ambacho sikukifikiria: wa kudumu unaruhusiwa kuwa mgumu kueleweka, kwa kuwa watu watauzoea. Wa siku moja lazima ueleweke mara mguu unapogusa chini, na bado uwe na jambo la kushangaza.

Nilikumbuka vikuba vya nyumbani. Mama zetu walikaa alasiri wakitunga asumini, rehani na mawaridi, kwa vidole vilivyojua kila ua liingie wapi, kwa ajili ya usiku mmoja tu, na asubuhi yake maua yamesinyaa. Sikuwahi kumsikia mtungaji akisema kwamba kwa kuwa ni ya usiku mmoja, atatunga ovyo.

Kuna fundi wa aina nyingine, na namheshimu vilevile. Mwaka 2001 kijana Mwingereza, Dave Johnston, alikamilisha uwanja wa gemu ya Counter-Strike unaoitwa Dust II, na mpaka leo watu wanauchezea. Hapa Johannesburg niliushuhudia ukichezwa chini ya paa la Dome, kule Northgate, katika maonyesho ya gemu ya rAge. Vijana walikuja wamebeba kompyuta zao mikononi, na vioo vizito, na nyaya zilizofungwa kwa raba. Walikaa wikendi nzima, wakalala chini ya meza, na usiku wa manane ungesikia sauti ya kibodi imejaa ukumbi. Dome ilifunguliwa mwaka 1998. Mwaka 2021 iliuzwa, na sasa ni mahali pa kuuzia magari yaliyotumika. Uwanja ule wa mchanga wa Johnston bado upo, jengo tulilouchezea si letu tena.

Mji huu umezoea kuhamishwa ardhi. Tangu dhahabu ilipoonekana mwaka 1886, udongo umechimbwa ukarundikwa vilima vya manjano, na baadaye vilima vyenyewe vikachotwa tena kwa ajili ya dhahabu iliyosalia. Kilima cha Top Star kilibeba sinema ya kutazamiwa ndani ya gari hadi mwaka 2006, kisha kikasombwa. Waliokuwa wakipeleka wachumba wao pale hawana pa kuwaonyesha watoto wao. Labda ndiyo maana kazi ya uwanja unaobadilika ilinigusa hapa kuliko ambavyo ingenigusa kwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kuona ardhi ikihamishwa kwa ajili ya furaha ya watu.

Na haikuwa kazi ya Wajapani peke yao. Julai 2018, mwaka mmoja tu baada ya Splatoon 2 kutoka, gemu iitwayo Semblance ilitoka kwenye mashine ile ile ya Switch. Iliundwa hapa hapa Johannesburg na Nyamakop, kampuni ya Ben Myres na Cukia Kimani, nayo ilianza kama kazi ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Wits. Humo hakuna bunduki. Ardhi ni laini; mchezaji huigonga ikanyanyuka au ikabonyea, akajitengenezea ngazi pale ambapo hapakuwa na ngazi. Mafundi wa Nintendo kule Kyoto waliubadilisha uwanja kwa ajili ya mchezaji, hawa wa Johannesburg wakamwachia mchezaji aubadilishe mwenyewe. Niliona fahari niliyoshindwa kuificha mbele ya jirani yangu, ingawa mimi wala yeye hatukuzaliwa katika mji huu.

Basi tumefikaje hapa tulipo? Sherehe katika gemu za leo maana yake ni duka. Wanakuja na mavazi, kofia, ngoma za kuchezea baada ya kuua mtu, na hesabu ya siku zilizobaki kabla ofa haijaisha. Uwanja ni ule ule wa jana, umetundikwa bendera. Splatoon 3 ilipotoka Septemba 2022 nilikaa tena na wale wana wa jirani kungoja Shifty Station. Haikuwamo. Sherehe zake zilileta vita vya timu tatu, jambo zuri, sikatai, lakini karibu vyote vikapiganwa katika viwanja vya kawaida vilivyoguswa hapa na pale. Yule mdogo, ambaye zamani alinivuta mkono, hakuuliza chochote. Alikuwa keshazoea kwamba vitu vinaondolewa bila mtu kuambiwa. Hilo liliniuma zaidi ya uwanja wenyewe kukosekana.

Sasa nasikia watu wakisema kompyuta itachora viwanja peke yake, elfu kwa usiku mmoja. Huenda. Lakini ni nani atakayesimama na saa mkononi akihesabu sekunde kutoka kwetu hadi katikati? Ni nani atakayepima kwamba mtu mmoja akilipiga wino daraja, watatu watapata wasaa wa kuvuka? Wingi wa viwanja haujawahi kuwa shida yetu.

Baada ya kuagana mwaka 2019, viwanja hivyo vilirudi kidogo katika sherehe chache za mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021. Tangu hapo vimefungwa. Aprili 2024 huduma za mtandao za mashine ya Wii U zilizimwa, na mapambano ya mtandaoni ya Splatoon ya kwanza yakazimika nazo. Splatoon 2 nayo itafikiwa na siku yake. Kabla haijafika, nawaomba wenye gemu wavifungue viwanja vyote vya Shifty Station viwe vinachezwa siku yoyote, na marafiki, bila mada na bila zawadi. Kijana wa jirani yangu ana wanafunzi kadhaa anaowafundisha kazi hii, na vitu alivyo navyo vya kuwaonyesha ni video za zamani zinazotikisika, zilizorekodiwa na watu waliokuwa wakihangaika kushinda. Anasimamisha picha, anaonyesha kwa kidole, anasema hapa angalieni. Wanaangalia, lakini hawawezi kuingia wapotee humo, wapige wino pasipostahili, waishiwe nusu ya njia. Nikiulizwa kianze kufunguliwa kipi, nitasema kile cha madaraja.