Kichwa cha Nta

Ukitazama picha ya vichwa vya samaki vilivyoundwa kwa nta katika karakana za Stockholm, utadhani ni mapambo. Kila mshipa una njia yake, kila tundu liko mahali pake. Kumbe samaki wenyewe walikufa yapata miaka milioni 400 iliyopita, na aliyewasimamisha tena alifanya hivyo kwa kuwasaga.

Huyo ni Erik Stensiö. Alizaliwa 1891 kwa jina la Andersson, baadaye akajiita kwa kijiji chao, Stensjö, kusini mwa Sweden. Alisoma Uppsala kwa Carl Wiman, akiwa kijana akaenda kuokota visukuku katika baridi ya kisiwa cha Spitsbergen, na tangu 1923 hadi 1959 akawa profesa kwenye Makumbusho ya Historia Asilia, Stockholm. Medali alizipata, mimi nahusudu mikono yake.

Mbinu aliikuta kwa Mwingereza William Sollas. Fuvu lililoshikamana na mwamba husagwa kidogo kidogo, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba. Kila uso unaojitokeza hunakiliwa, kisha nao husagwa. Nakala hukuzwa, hukatwa katika bamba za nta, na bamba hupangwa moja juu ya nyingine mpaka kichwa kirudi, kikubwa kuliko cha mwanzo. Mwisho wa kazi nta ipo, samaki hayupo. Amekuwa vumbi. Aliyesinzia akapitisha uso mmoja bila kuunakili ameupoteza yeye na walimwengu wote, kama sonara aliyemwaga dhahabu mchangani. Kwa hiyo mtu alitazama kwelikweli, maana hakuwa na nafasi ya kutazama tena.

Kitabu chake cha 1927 kuhusu samaki wa Spitsbergen wasio na taya kilifuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye jicho na sikio, kikawaonyesha kuwa ndugu wa lamprei, samaki wa leo wasio na taya. (Kuna mahali alilisemea jiwe zaidi ya lilivyosema, na waliomfuata wamempunguza. Ni haki yao.)

Mwanafunzi wake, Erik Jarvik, aliupeleka uvumilivu huo mbali zaidi: miongo mizima juu ya samaki mmoja wa Kanada, Eusthenopteron, na fuvu lake likasagwa vivyo hivyo.

Siku hizi miale ya eksirei huingia ndani ya jiwe bila kulikwaruza, na kisukuku hurudi kabatini kikiwa kizima. Sina ugomvi na hilo. Ila kompyuta hukusanya maelfu ya picha wakati mtaalamu anakunywa kahawa, na picha ambayo inaweza kufunguliwa kesho haina anayeikodolea macho leo. Halafu kuna wafadhili wanaotaka matokeo kila mwaka. Jarvik angewaandikia nini mwaka wa kwanza? Labda kwamba amemaliza pua.