Mkono Usioamini Kumbukumbu

Usiku wa Simchat Torah, sikukuu ya Kiyahudi, magombo ya Torati hutolewa kabatini mwake ndani ya sinagogi. Watu huyakumbatia, wakazunguka nayo mara saba wakiimba na kucheza. Mimi husifu zaidi mkono ulioyaandika magombo hayo, mkono ambao kazi yake yote ilikuwa kutulia.

Gombo moja lina herufi 304,805, na kuliandika huchukua mwaka au zaidi. Ngozi ya mnyama halali husafishwa na kulainishwa, kisha mwandishi huikwaruza mistari kwa ncha isiyo na wino. Herufi hazikai juu ya mstari. Huning'inia chini yake, kama nguo zilizoanikwa kambani. Kalamu ni unyoya wa bata mzinga au wa bata bukini, ama tete. Wino mweusi hupikwa kwa vinundu vya mwaloni, gundi ya mgunga na chumvi ya madini. Herufi mbili zikigusana, gombo halifai kusomwa mpaka lisahihishwe. Herufi saba huvikwa vijitaji vyembamba. Vipande vya ngozi vikiisha kuandikwa, hushonwa pamoja kwa nyuzi za kano.

Kosa la kawaida hukwanguliwa kwa kisu na kuandikwa upya. Jina la Mungu halikwanguliwi kamwe. Likikosewa, ngozi ile huwekwa kando, hatimaye ikazikwa. Ndiyo maana kabla ya kuliandika, mwandishi hutamka nia yake kwa sauti.

Lakini sharti linalonishangaza kuliko yote ni hili: haruhusiwi kuandika kwa kukumbuka. Hata aliyeikariri Torati nzima huweka nakala mbele yake, akalitazama neno, akalitamka, ndipo akaliandika. Katika ufundi mwingi, mzoefu huachiwa mkono wake uende wenyewe. Hapa uzoefu haumpunguzii mtu wajibu wa kutazama.

Asubuhi ya sikukuu, wasomaji nao hufuata mwendo huohuo. Humaliza Kumbukumbu la Torati, Musa akifa mlimani mbele ya nchi asiyoingia, na papo hapo gombo jingine hufunguliwa pale Mwanzo unapoanzia. Hakuna asiyejua kitakachofuata. Hilo haliwapi ruhusa ya kuacha kusoma, kama lisivyompa mwandishi ruhusa ya kuondoa macho kwenye nakala yake.