Sanaa ya Kuutazama Moyo

Wahunzi wa Ufipa wa zamani, waliojenga malungu, yale matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, hawakuridhika na chuma kilichotoka katika moto wa kwanza, bali walikitia tena katika tanuri dogo la kukisafishia, ndipo wakafua jembe. Nami naona ustadi wa matabibu wanaopeleleza maradhi ya moyo ni wa nasaba hiyo, kwa kuwa hawakati shauri kwa kipimo kimoja.

Binti wa Sumbawanga, huko huko Ufipa mkoani Rukwa, aliyeugua koo utotoni, asipate dawa, huenda ikamzukia homa ya baridi yabisi, ikaukakamaza mlango mmoja wa moyo wake bila mtu kujua, hata siku moja, akipanda miinuko ya Lyambalyamfipa na mzigo kichwani, pumzi zikamkatika. Eksirei itaonyesha moyo uliotanuka, isiseme sababu. Kipimo cha umeme wa moyo kitadhihirisha mapigo yaliyopotoka, na hapo kitakoma.

Ndipo huja eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, akapakwa ute wa baridi kifuani, na mpimaji akatafuta upenyo kati ya mbavu, akiinamisha kifaa kidogo kidogo mpaka mlango wa moyo utokee, mnene, mzito, ukifunguka kwa taabu, na damu ikipenya kwa kasi katika rangi nyekundu na buluu. Shani yake ni kwamba tabibu Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, walipoanzisha kipimo hiki Lund, Uswidi, mwaka 1953, walitumia chombo kilichoundwa kutafutia nyufa ndani ya chuma!

Lakini sauti haipiti vema katika hewa ya mapafu. Kwa hiyo, mgonjwa akishukiwa kuwa na damu iliyoganda katika chumba cha nyuma cha moyo, hupitishiwa kifaa kooni hadi kwenye umio. Mwenye shaka ya mishipa iliyoziba hupigwa siti skani, ambayo hufuata umeme wa moyo ili picha ichaguliwe pale moyo unapotulia. Na yakini ikikosekana, katheta, yaani mrija mwembamba, hupenyezwa mkononi hadi kwenye moyo. Vipimo hivi hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na kazi adhimu kuliko zote ni ya yule anayezikusanya picha hizo, akazilinganisha, na zinapohitilafiana akarudi kupima. Huyo ndiye ninayetamani Rukwa iwe naye, tena wengi, ili binti yule asisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa ajili ya kuambiwa tu anaumwa nini.