Mtumbwi Hupimwa kwa Upepo wa Ubavuni

Mnunuzi wa mtumbwi kwa kawaida huingia ndani chombo kikiwa ukingoni, akakitikisa kushoto na kulia, kisha kisipoyumba sana akalipa. Hapo amejua jambo dogo tu: kwamba kinakaa vizuri juu ya maji yaliyotulia. Uzuri wa chombo chembamba huonekana upepo unapokipiga ubavuni, na natamani kila mtu akipime hivyo kabla ya kutoa fedha.

Katika Wilaya ya Kilosa maji mengi ni ya mito. Mkondoa hushuka kutoka milima ya Rubeho, ukapita mjini Kilosa, na maji yake huishia katika Wami, unaomwaga baharini karibu na Saadani. Mkata nao hukata tambarare za Hifadhi ya Mikumi. Mto wa kona na magogo unataka mtumbwi mfupi, wenye kitako kilichoinuka kidogo huku na huku, ugeuke kwa kafi moja. Mahali pake nausifu sana. Lakini uupeleke kwenye maji ya wazi, Ziwa Gombo au Bwawa la Kidatu kusini mwa Mikumi, wepesi huohuo wa kugeuka utakuchosha: kila upepo ukivuma, nusu ya nguvu zako zinaishia kuurudisha njiani.

Sababu yake iko majini. Chombo kinapokwenda mbele, omo hukata maji mapya na kubanwa nayo pande zote mbili. Tezi hufuata katika maji yaliyokwisha kuvurugwa, ambayo hayaishiki. Upepo wa ubavuni basi huisukuma tezi kuelekea demani, upande upepo unakokwenda, upesi kuliko omo, na mtumbwi ukageuza uso kule upepo unakotoka. Waundaji wa kayaki za bahari, chombo tulichorithi kwa Wainuiti wa Aktiki, wanalijua hilo vizuri: kayaki nyingi za siku hizi zina pezi chini ya tezi, linaloshushwa na kupandishwa kwa kamba, ili tezi ishike maji. Mtumbwi wa gogo hauna pezi. Pezi lake ni mzigo.

Kwa hiyo nenda kuujaribu mchana wenye upepo, karibu na ukingo, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea. Piga kafi kukatisha upepo, kisha acha kusahihisha. Ukigeuka polepole kuutazama upepo, furahi: ukichoka, chombo hicho chenyewe kitayakabili mawimbi kwa omo. Ukigeuka kwa pupa, sogeza mzigo nyuma kidogo, kama shubiri moja, ujaribu tena. Mtumbwi uliochongwa na fundi hodari hutulia kwa badiliko dogo hilo. Ule unaodai mzigo wote urundikwe tezi una kasoro ya umbo, na hakuna ujuzi wa kafi utakaoiponya. Ninaouogopa kuliko yote ni ule unaokimbia na upepo, omo ikitazama demani, usikubali kurudi hata ukikaza. Huo usiununue kwa bei yoyote.

Mara nyingi kosa huonekana hata nchi kavu. Omo ndefu iliyoinuliwa sana hupendeza macho, lakini upepo huipata kwanza. Lala chini utazame kitako kutoka tezi hadi omo: kikiwa kimepinda kwenda upande mmoja, utapiga kafi upande mmoja maisha yako yote. Gonga kuta kwa kifundo cha kidole pande zote mbili; sauti zikitofautiana, tezo ilikula upande mmoja zaidi, na mtumbwi utalala upande mzito. Mti nao una neno. Mwembe, unaotumika sana kuchongea ngalawa pwani, ni rahisi kuchonga lakini huoza mapema, mvule hudumu. Hata hivyo ningechukua mwembe ulionyooka kuliko mvule uliopinda, kwa sababu ufa huzibwa, lakini kitako kilichopinda hakinyooshwi.