Nyaya Nyuma ya Dashibodi

Fyuzi ya redio ndani ya ndege inalinda nini? Wengi watajibu haraka: redio. Sivyo. Redio ikipiga shoti, mara nyingi fyuzi hukatika wakati redio yenyewe imekwisha kufa. Kinacholindwa ni waya, usije ukapata moto, ukayeyusha ganda lake na kujaza moshi chumba ambacho rubani hawezi kufungua mlango akatoka. Kwa hiyo fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya. Waya wa namba 22, ambao shaba yake haifiki milimita moja, hupewa fyuzi ya ampea 5, hata kama taa iliyo mwishoni inakula ampea moja tu.

Hilo ni somo la mwanzo kwa Wamarekani wanaojiundia ndege kwenye gereji za nyumbani. Chama chao, EAA, kilianzishwa Milwaukee mwaka 1953, na kila Julai maelfu yao hutua Oshkosh, Wisconsin. Sheria inawaruhusu, mradi sehemu kubwa ya kazi waifanye wenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha. Wengi hununua seti za vipande vya alumini, kama RV za Van's Aircraft, wakagonga ribiti mwaka baada ya mwaka. Ribiti zinaonekana na rangi inasifiwa. Kisha hufika zamu ya umeme, na hapo mtu aliyekunja bati bila hofu huanza kusitasita, kwani kosa la umeme halionekani kwa macho wala halinyooshwi kwa nyundo.

Waya wenyewe si ule wa nyumbani. Ganda la PVC likiungua hutoa moshi mkali, hivyo wajenzi hutumia waya wa Tefzel, wenye ganda jembamba na gumu linalostahimili nyuzi joto 150. Ndani yake mna nyuzi 19 za shaba zilizopakwa bati. Uzi mmoja mnene ungepitisha umeme vilevile, lakini injini ya ndege hutikisa kila kitu wakati wote, na shaba inayokunjwa mahali pamoja mwishowe hukatika. Lehemu nayo ina hila yake: hunyonywa kati ya nyuzi na kuzigandisha, kisha pale ugumu unapoishia ndipo waya unapovunjika, kama haukushikiliwa vizuri. Haikatazwi, ila wengi huchagua kubana ncha kwa koleo lisiloachia mpaka limemaliza kubana sawasawa. Ncha nzuri hushika mara mbili: shaba kwa umeme, ganda kwa mtikisiko. Mjenzi makini hubana chache za majaribio, akazivuta kwa nguvu zote, kabla ya kuigusa ndege.

Baadaye nyaya hufungwa mafungu. Vibano vya plastiki ni vya haraka, lakini mikia yake iliyokatwa ovyo huchana mikono ya kila anayepapasa nyuma ya dashibodi. Wenye subira hufunga kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, ufundi wa zamani ambao NASA bado inautumia. Hapo mtu anaweza kuona ni pambo tu. Lakini waya unaosuguana na ukingo wa bati hujichuna ganda kidogo kidogo, na mwaka 1998 ndege ya Swissair namba 111 iliangukia baharini karibu na Nova Scotia ikiwa na watu 229, baada ya moto ambao wachunguzi waliuhusisha na cheche za nyaya juu ya dari.

Uzuri mkubwa wa kazi hii, hata hivyo, uko kwenye mchoro. Bob Nuckolls, mhandisi wa Kansas aliyeandika The AeroElectric Connection, amewazoeza wajenzi kuuliza kuhusu kila kifaa: kikifa angani, rubani atafanya nini? Injini za zamani zenye magneto, zinazojizalishia cheche zenyewe, hazikuhitaji betri ili ziendelee kunguruma. Leo dashibodi ni skrini tupu, na pengine hata cheche za injini zinategemea betri. Kwa hiyo mjenzi huweka njia ya pili ya umeme, inayolisha vichache tu vya kumfikisha mtu chini. Altaneta inayozalisha umeme ikifa usiku, rubani huzima swichi kuu, na pamoja nayo ile rilei ya betri ambayo peke yake hula karibu ampea moja, kisha huwasha swichi ya njia hiyo inayochota moja kwa moja kwenye betri. Swichi mbili, basi. Uamuzi ulikwisha kufanywa gerejini, kwa penseli, moyo ukiwa umetulia.

Mjenzi anaweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe ndege yake kila mwaka, na huo ukaguzi humlaza chali chini ya dashibodi, uso kwa uso na kazi ya mikono yake. Ndege ikiuzwa, cheti hakiendi nayo. Kinachoenda ni ramani ya nyaya, kama ilichorwa, na alama kwenye ncha zote mbili za kila waya. Ukiwahi kuitamani ndege ya namna hiyo, omba kwanza kuiona ramani. Bei mtaizungumza baadaye.